Chaki ya milimita 16 kwa drili ya mezani: tathmini kutoka karakana moja ya Mbeya

Chaki ya ufunguo, yaani kichwa cha drili kinachokazwa kwa ufunguo ili kibane biti ya kutobolea, yenye uwezo wa kushika biti hadi milimita 16, ile inayouzwa ndani ya boksi moja pamoja na shina la tepa ya Morse namba 2 (tepa ni ncha yenye umbo la koni inayokaza kwa kubanwa) na kabari ya kuling'olea, inapatikana sasa katika maduka kadhaa ya zana na vipuri hapa Mbeya, hasa upande wa Mwanjelwa. Karakana yetu imeitumia tangu kabla ya msimu wa kahawa hadi mvua zilipoanza, kwa kazi za chuma za kila siku. Maoni yangu ni kwamba ni chaki nzuri, inayostahili kununuliwa na karakana ndogo yenye drili ya mezani, ilimradi mnunuzi ahakikishe kabla ya kulipa kwamba tepa zote mbili, ile inayoingia kwenye mashine na ile inayoingia kwenye chaki, ndizo anazozihitaji. Sharti hilo ndilo linaloamua kama fedha imetumika vizuri, na kwa sababu hiyo nitaeleza kwa kirefu namna ya kutoa chaki kuukuu na kuvalisha mpya kuliko nitakavyoeleza mng'aro wa bidhaa yenyewe.

Drili yetu ni ya kukaa juu ya benchi, ya umeme wa volti 230, yenye puli za ngazi na mkanda mmoja. Mota yake bado ina nguvu na beringi za spindeli, ule mhimili unaozunguka, hazina mchezo wa kutia wasiwasi. Kilichokuwa kimechoka ni chaki: meno yake matatu yanayobana biti yalikuwa yamelika zaidi mdomoni kuliko ndani, hivyo biti ilishikwa kwa nyuma tu, na ncha yake ikawa inachora duara badala ya kusimama mahali pamoja. Kwa biti ya milimita 10 kasoro hiyo hutoa tundu lililopanuka, na kwa biti ya milimita 3 huivunja biti yenyewe. Mafundi wengi wakiona hivyo huilaumu mashine nzima na kuanza kutafuta nyingine, ilhali chaki ni kipuri kinachobadilishwa kama mkanda unavyobadilishwa, na bei ya boksi hili haikufika hata robo ya bei ya drili mpya ya ukubwa huo.

Ndani ya boksi mna chaki yenyewe, shina, ufunguo na kabari, vyote vikiwa vimepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Hakuna karatasi ya maelezo kwa lugha yoyote, na hilo ni pungufu la kweli, kwa sababu kazi hii haihitaji nguvu wala ustadi wa miaka, bali inahitaji mtu ajue mambo machache kwa mpangilio wake.

La kwanza ni kuchomoa waya wa umeme ukutani, si kuzima swichi tu, kwa kuwa mikono itakaa karibu na spindeli kwa muda. Baada ya hapo meza ya drili hupandishwa mpaka ibaki nafasi ndogo chini ya chaki, na juu yake huwekwa ubao au gunia lililokunjwa. Chaki ya ukubwa huu pamoja na shina lake hufikia takriban kilo moja, na ikidondoka juu ya meza ya chuma huharibu meno yake au huacha kovu mezani. Kisha mpini huvutwa ili bomba linalobeba spindeli lishuke, na spindeli huzungushwa kwa mkono mpaka upenyo ulio kwenye bomba na upenyo ulio kwenye spindeli vikutane na mtu aweze kuona upande wa pili. Humo ndimo kabari inamopita. Kabari ina ukingo mmoja wa mviringo na mwingine ulio bapa: ule wa mviringo huelekezwa juu, uegemee ncha ya upenyo, na ule bapa hukaa chini, juu ya ulimi wa shina, ile ncha bapa iliyo juu yake. Pigo moja au mawili ya nyundo yaliyo imara hutosha, na chaki hushuka pamoja na shina. Kugonga taratibu kwa muda mrefu hakusaidii, maana tepa huachia kwa mshtuko, na kugonga chaki yenyewe kwa ubavu ni kuziumiza beringi bila sababu.

Hapa ndipo nilipoipatia kabari ya boksi hili alama za wastani tu. Chuma chake ni kizuri na hakikupinda, lakini kingo zake zilikuja zikiwa na makali ya mashine, na moja ilikuwa nene kiasi kwamba haikupita kwenye upenyo mpaka iliposuguliwa kwa tupa. Fundi mwenye tupa hatapata shida. Mtu aliyenunua drili kwa ajili ya kazi za nyumbani anaweza kudhani kwamba amenunua kitu kisicho chake.

Si kila drili ya mezani ina upenyo huo. Baadhi ya mashine ndogo, hasa za chaki ya milimita 13, hazina shina kabisa: spindeli yenyewe inaishia kwa tepa fupi iliyochomoza chini, na chaki hubanwa juu yake moja kwa moja. Hizo hutolewa kwa kabari mbili zenye umbo la uma, zinazosukumwa kutoka pande mbili zinazotazamana kati ya mgongo wa chaki na bega la spindeli. Na drili ya mkononi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu chaki yake hufungwa kwa uzi, na mara nyingi ndani ya koo lake mna skrubu ya uzi wa kushoto inayotolewa kwanza. Anayeng'ang'ana kuifungua chaki ya drili ya mezani yenye shina kwa kuizungusha kama ya mkononi ataharibu meno ya ufunguo, na chaki haitatoka.

Sasa nifike kwenye tepa, ambako fedha za watu hupotea. Shina lina ncha mbili. Ncha ndefu, ile yenye ulimi, ni tepa ya Morse. Inabeba jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hataza ya biti ya msokoto mwaka 1863, na hupimwa kwa namba. Namba 2 ina kipenyo cha takriban milimita 17.8 sehemu yake nene, na namba 3 takriban milimita 23.8, hivyo kuzichanganya hizo mbili ni vigumu kwa mtu yeyote mwenye macho. Ncha fupi, ile inayoingia kwenye mgongo wa chaki, ndiyo yenye mtego. Chaki nyingi zinazoingia kwetu zimeandikwa mgongoni B16 au JT33. Ya kwanza imetokana na sehemu nyembamba ya tepa ya Morse namba 2 iliyofupishwa. Ya pili ni ya familia ya tepa za Jacobs, jina la Arthur Jacobs, ambaye naye alikuwa Mmarekani na alipata hataza ya chaki ya drili yenye ufunguo wa meno mwaka 1902.

Kwa macho, B16 na JT33 ni ndugu pacha. Kipenyo cha sehemu nene cha B16 ni milimita 15.733 na cha JT33 ni milimita 15.85, tofauti ambayo hata kalipa ya kawaida huionyesha kwa shida mtu asipokuwa makini. Tofauti iliyo muhimu zaidi iko kwenye mteremko: B16 hupungua milimita moja katika kila milimita 20 za urefu, na JT33 hupungua milimita moja katika kila milimita 16 hivi. Ukiingiza shina la B16 kwenye chaki ya JT33 litaingia vizuri na litaonekana limekaa, lakini litakuwa limebana ncha ya ndani tu, huku mdomoni pakiwa na nafasi. Ukifanya kinyume chake litabana mdomoni na kuelea ndani. Katika hali zote mbili chaki itashika siku ya kwanza, kisha itaanza kuyumba, na siku moja biti nene ikikwama kwenye bamba chaki itaachia na kubaki imesimama wakati shina linazunguka ndani yake, likiikwaruza tepa kiasi cha kutotumika tena. Aliyepatwa na hilo atakuambia kwamba chaki za siku hizi hazifai. Nina hakika kwamba chaki nyingi zilizopewa sifa hiyo mbaya hazikuwa na kosa lolote isipokuwa kuvalishwa shina lisilo lao.

Kwa sababu hiyo namsifu muuzaji tuliyenunua kwake. Nilipoulizia chaki ya milimita 16, hakwenda kwenye rafu kwanza. Alisema, "Fundi, niletee shina lako la zamani nilione," na alipoambiwa kwamba tunataka boksi zima lenye shina jipya, alitoa shina kutoka kwenye boksi, akasoma maandishi ya pande zote, akayalinganisha na maandishi ya mgongoni mwa chaki, na ndipo akaomba fedha. Ni kazi ya dakika chache ambayo wauzaji wengi hawaifanyi. Katika duka jingine mtaa huohuo nilioneshwa chaki na shina vilivyotoka kwenye maboksi mawili tofauti, vikiwa vimefungwa pamoja kwa mpira, na aliyekuwa anauza alinihakikishia kwamba vyote ni vya "saizi moja". Kwa mtu anayetoka mbali, tuseme Chunya au Mbarali, safari ya kurudisha kitu kama hicho ni gharama kuliko kitu chenyewe. Ushauri wangu ni kununua chaki na shina vilivyomo ndani ya boksi moja, kusoma maandishi kwa macho yako mwenyewe, na kama inawezekana kufanya jaribio la mistari: chora mistari mitatu ya kalamu ya wino kwa urefu wa tepa, ingiza kwenye chaki iliyo safi, zungusha kidogo, toa. Wino ukiwa umefutika kwa urefu wote, tepa zimekutana. Ukifutika ncha moja tu, hazikukutana. Kwenye shina letu wino ulifutika karibu urefu wote, na hilo kwangu lilikuwa na uzito kuliko maandishi yoyote ya boksi.

Kuvalisha ni kazi ya usafi zaidi kuliko ya nyundo. Grisi ya kiwandani lazima itoke yote, juu ya tepa na ndani ya tundu, kwa kitambaa na petroli kidogo au thina, mbali na mahali panapochomelewa. Tundu la spindeli husafishwa kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, kisha hupapaswa kwa kidole ili kusikia kama kuna mwinuko wowote wa chuma, kwa sababu chembe moja ya chuma ndani humo hupindisha chaki nzima. Mwinuko huo ukipatikana huondolewa kwa jiwe laini la kunolea, na tupa isitumike. Baada ya hapo pasipakwe mafuta wala grisi. Tepa hushika kwa msuguano wa chuma kikavu na chuma kikavu, na ule ulimi ulio juu ya shina upo kwa ajili ya kusukumwa na kabari, haupo kwa ajili ya kubeba nguvu ya kuzungusha.

Meno ya chaki hurudishwa ndani kabisa yasichomoze, chaki ikalazwa kifudifudi juu ya ubao, shina likaingizwa mgongoni na kupigwa pigo moja la nyundo ya mbao. Halafu shina lenye chaki huingizwa kwenye spindeli, huzungushwa polepole mpaka ulimi upate nafasi yake, na husukumwa juu kwa nguvu. Kukaza kwa mwisho hufanywa kwa mashine yenyewe: kipande cha mbao juu ya meza, meno ya chaki yakiwa bado ndani, na mpini ukivutwa kwa uzito wa mwili mpaka mtu aridhike. Nyundo ya chuma chini ya chaki haina kazi hapa.

Tulipima kuyumba kwa saa ya kupimia yenye mgawanyo wa milimita 0.01, kwa fimbo ya chuma iliyonyooka iliyoshikwa na chaki, sentimita mbili na nusu chini ya meno. Chaki kuukuu ilikuwa inayumba milimita 0.35. Mpya, ilipovalishwa mara ya kwanza, ilionyesha 0.08. Ulimi wa shina unakubali nafasi mbili tu ndani ya spindeli, moja ikiwa kinyume cha nyingine kwa nusu mzunguko. Tulipotoa shina na kuligeuza nafasi ya pili, kipimo kilishuka hadi 0.05. Kwa chaki ya bei hii nimeridhika sana na matokeo hayo, na nawasihi wote watakaoinunua wajaribu nafasi zote mbili kabla ya kuanza kazi, kwa kuwa kugeuza hakugharimu kitu.

Kwa upande wa kazi, sina manung'uniko makubwa. Tumeitumia kutoboa mabamba ya chuma laini ya milimita 12 kwa ajili ya tela za pawatila zinazokwenda Usangu, fremu za chuma cha kusubu za mashine za mkono za kumenya kahawa zinazoletwa kutoka Mbozi, na vyuma vya pembe vya milango kwa wingi. Meno hushika biti ya milimita 16 bila kuteleza pale spidi inapokuwa sahihi, yaani mizunguko 500 hivi kwa dakika kwa biti ya kawaida ya chuma ngumu kwenye chuma laini, na takriban 800 kwa biti ya milimita 10. Wengi huacha mkanda kwenye puli ya spidi ya juu mwaka mzima, kisha biti ikiungua na kuteleza ndani ya chaki huilaumu chaki. Kwa upande wa biti nyembamba, chaki hii imeandikwa kwamba inaanzia milimita 3, na chini ya hapo haishiki kitu. Karakana inayotoboa matundu ya milimita 2 mara kwa mara itahitaji chaki ndogo ya pembeni.

Kuna faida nyingine ambayo sikuiona ikitajwa na muuzaji yeyote, nayo kwangu ni kubwa. Shina likiwa la Morse namba 2, na fundi akiwa anajua kulitoa kwa kabari bila woga, spindeli yake iko tayari kupokea biti zenye shina la tepa moja kwa moja, bila chaki. Biti za Morse namba 2 hutengenezwa kuanzia takriban milimita 14 hadi 23. Kwa kazi ya matundu makubwa hizo ni bora mara nyingi kuliko biti nene iliyopunguzwa shingo ili iingie kwenye chaki ya 13, kwa kuwa haziwezi kuteleza ndani ya meno na huyumba kidogo zaidi. Karakana nyingi zina drili zenye uwezo huo na hazijawahi kuutumia, kwa sababu tu chaki haijawahi kutoka tangu mashine iliponunuliwa. Nguvu ya mota iangaliwe, bila shaka, na tundu la milimita 22 lianzwe kwa biti nyembamba.

Dosari ya kweli ya bidhaa hii ni ufunguo. Chuma chake ni laini kuliko meno ya nje ya chaki yanayopokea ufunguo, na meno yake yameanza kuviringika mapema kuliko nilivyotarajia, hasa kwa vijana wanaopenda kukaza kwenye tundu moja tu. Chaki ina matundu matatu ya ufunguo, na kukaza kidogo katika kila moja husambaza nguvu kwa meno yote na kupunguza hata kuyumba. Ufunguo hauna springi ya kujitoa, na hilo nalihesabu kuwa suala la usalama: ufunguo uliosahaulika ndani ya chaki huruka mtu anapowasha mota. Tumeufunga ufunguo wetu kwa mnyororo mfupi kwenye waya wa umeme, karibu na plagi, ili asiyeuchomoa kwenye chaki asiweze kuchomeka umeme.

Kutu nayo inastahili kutajwa, kwa jinsi hali ya hewa yetu ilivyo. Mng'aro wa nje ni mwembamba, na tangu mvua za Novemba zilipoingia mgongo wa chaki umepata madoa kwa sababu ya unyevu wa karakana iliyo wazi upande mmoja. Kitambaa chenye mafuta mepesi jioni hutosha kwa nje, na tone moja ndani ya meno mara kwa mara. Mafuta hayo yasimwagwe mpaka yakatiririka kuelekea kwenye tepa.

Wapo wanaoniuliza kama si bora kununua chaki isiyo na ufunguo, inayokazwa kwa mkono. Nimeitumia mahali pengine, na kwa kazi za mbao za Mafinga, ambako biti hubadilishwa mara nyingi na hazibanwi sana, ningeichagua bila kusita. Kwa chuma na vumbi la grainda sijashawishika: hujikaza zaidi inapofanya kazi, na baada ya biti nene kuifungua huwa ni vita. Bei yake pia ni kubwa zaidi.

Anayefikiria kununua boksi hili aanze kwa kuvuta mpini wa drili yake chini na kutafuta ule upenyo wa kabari ubavuni mwa bomba. Ukiwepo, atoe shina lililopo na kwenda nalo dukani mkononi, hata kama ana uhakika wa namba yake. Usipokuwepo, shina na kabari za boksi hili hazitamfaa, na atafute chaki pekee yenye maandishi ya mgongoni yanayolingana na tepa ya spindeli yake. Na kabla ya kuondoka dukani aulize ufunguo wa akiba wa chaki hiyohiyo, aujaribu kwenye matundu yote matatu, kwa sababu funguo zinazouzwa pekee zina vipenyo tofauti vya pini, na ulio mwembamba zaidi ya tundu hula haraka meno ya chaki yanayopokea ufunguo.